Kisiki cha Mpakani

Mama mkwe wangu alinipokea kwa mkono wa kushoto siku ya kwanza, na hakuubadilisha tena. Kikombe cha chai, funguo za gari, hata mwanangu mchanga aliponirudishia, mkono ulikuwa uleule. Kwetu Tanga ukimpa mtu kitu kwa kushoto umemtukana, na kwao Burundi ni vivyo hivyo, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kujidanganya kwamba ni tofauti za mila tu. Alijua kwamba ninajua. Alikuwa akinitazama machoni huku ananipa.

Sababu zake zilikuwa nyingi. Mimi Mwislamu, wao walokole. Mimi mtu wa pwani, na kwa mama yule mtu wa pwani ni mtu anayeoga sana, anaongea sana na hana shamba. "Mswahili iko na maneno tu," alikuwa akisema mbele yangu, kwa Kiswahili alichokiokota kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kilichochanganyika na Kirundi na vipande vya Kifaransa. "Ukimuuliza kwao ni wapi, anakuonyesha maji." Watu sebuleni walicheka. Mke wangu alicheka pia, akaja kuniomba radhi garini, nami nikamjibu ovyo, tukafika kwetu Doonside, hapa Sydney, hatusemeshani.

Kazi yangu ndiyo iliyompa mama raha kuliko vyote. Nilikuja Sydney kusoma, masomo nikayaacha njiani, nikazunguka kwenye nyumba za wazee nikiwaogesha na kuwalisha, mwishowe nikaangukia kazi kwa mpima ardhi mmoja, Mzungu wa makamo mwenye ofisi ndogo St Marys. Yeye anachungulia kwenye mashine ya miguu mitatu. Mimi nasimama mbali nimeshika fimbo yenye kioo ili mashine inione. Kuna kufyeka pia, kuchimba, kugonga vigingi, lakini kwa mama mkwe habari ilikuwa ni fimbo. "Binti yangu amesoma unesi," aliwaambia wanawake wa kanisani kwao, "ameolewa na mtu wa kushika fimbo. Hata ng'ombe hana! Fimbo ya nini?" Lilikuwa tusi zuri, nampa haki yake. Sikumweleza kamwe ile fimbo inafanya nini, na yeye hakuuliza.

Nilichokuwa nakifanya ni hiki. Ardhi hii ya magharibi ya Sydney ilikatwa katika karne ya kumi na tisa na wapima waliokuja na farasi na watumishi, baadhi yao wafungwa, wakiburuta mnyororo wa chuma kichakani. Walichora miji isiyokuwa na nyumba hata moja. Walichora barabara zilizopita katikati ya vinamasi, kwa sababu karatasi haina tope. Mto ulipojipinda waliufanya mpaka, wakaupa jina la mkubwa fulani wa kwao, wakaendelea na safari. Bosi wangu aliwapenda watu hao kama wengine wanavyopenda timu za mpira. Akikuta jiwe lililowekwa na mmoja wao chini ya udongo, anavua kofia.

Mimi sikuwavulia kitu. Kwenye ramani zao kuukuu niliwatafuta watu weusi waliokuwa wakiishi hapa tangu kale, sikuona hata alama ya moto wao wa kupikia. Miti imeandikwa, mmoja mmoja, na aina yake. Watu hawakuandikwa. Siku hizi kabla ya mkutano wowote wa kazini tunainamisha vichwa, tunawashukuru wenyeji wa asili wa ardhi hii, kisha tunachukua nyundo. Siku moja nilimuuliza bosi kama haoni aibu. Akasema aibu anaiona, lakini kazi ya mpima ni kumfuata yule mpima marehemu alikopita, hata kama marehemu alikosea, hata kama siku hiyo alikuwa amelewa.

Hilo la kumfuata marehemu ndilo lililokuja kutuumiza, kwa hiyo nilieleze. Mnyororo wa chuma ukiburutwa miaka na miaka juu ya mawe, pete zake zinalika na mnyororo unarefuka. Marehemu anaandika urefu fulani kwenye karatasi, kumbe miguu yake imekwenda mbele zaidi ya alivyoandika. Sasa ukweli ni upi, namba ya karatasini au pale aliposimama? Wapima wa hapa watakwambia ni pale aliposimama. Ndiyo maana aliacha ushahidi. Kwenye kona alichagua mti mgumu, akauchubua gome, na juu ya kidonda akachonga namba ya kiwanja na alama ya serikali, mistari mitatu inayokutana kwenye ncha moja, kama unyayo wa kuku. Ukiukuta mti huo leo, hata kisiki chake tu, namba za karatasini zinanyamaza. Nimemwona bosi akipiga magoti mbele ya kisiki kilichooza nusu, akikipapasa kwa vidole kama kipofu, machozi yakimlengalenga.

Basi kaka wa mke wangu, shemeji yangu, alinunua nyumba kuukuu upande wa kijito, kati ya Rooty Hill na St Marys, kwenye vile viwanja vikubwa vichache vilivyobaki, akamchukua mama yake akae naye. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichaka kinachoteremka hadi kijitoni. Upande mmoja alikaa jirani, mzee wa Kizungu anayefuga farasi. Uzio wa katikati ulishaanguka zamani, zikabaki nguzo mbili tatu zimelala kwenye majani.

Mama alipokiona kile kichaka alivua viatu. Huyu ni mtu aliyefukuzwa kwenye shamba la baba yake akiwa msichana, akazalia kambini, akazeekea kambini, na kambini hukuruhusiwa kulima nje ya kipande kisichozidi mkeka. Alichukua jembe siku ileile. Alichagua ule ukanda wa pembeni, upande wa jirani, upana wake kama chumba cha kulala na urefu hadi kijitoni, kwa sababu ndipo udongo ulipokuwa mweusi. Akapanda maharage, mahindi, lengalenga, maboga, matembele. Wajukuu wakimwita ndani kula, hasikii. Nilikwenda mara moja kumpeleka mke wangu, nikamkuta mama amelala chali katikati ya mistari ya maharage mchana kweupe, mikono ameitandaza, nikadhani amekufa. Kumbe anapumzika. Nasema kweli, nilivunjika moyo kidogo.

Halafu akapanda minyaa. Kwao minyaa ndiyo hati ya shamba. Unapanda mstari mpakani jirani akiwa anaona, mnakunywa pamoja, na tangu hapo hakuna mtu, wala mtoto wa mtu, atakayeusogeza. Watu wa Sydney wanaipanda kwenye vyungu mbele ya nyumba zao kama pambo, ile yenye ncha nyekundu. Mama alipita mbele ya nyumba za watu hapo Doonside akavunja matawi, akayabeba kwenye mfuko wa kanisani, akayachomeka moja baada ya jingine akifuata zile nguzo zilizolala. Jirani alimwona anahangaika na maji, akaja na ndoo zake mbili, akamsaidia kumwagilia mstari wote. Mama akaingia ndani, akamletea glasi ya juisi ya nanasi, maana pombe aliiacha alipookoka. Mzee akanywa yote, akamshika bega, akasema maneno mazuri kwa Kiingereza.

"Amekunywa," mama alimwambia mwanawe jioni ile. "Bon. Imekwisha."

Mwaka huohuo alichoma kitu kule chini karibu na kijito. Moshi ukatanda siku nzima, mtu akawaita wazimamoto, shemeji akatoka kazini mbio kwenda kuwaomba radhi. Ni takataka za bustani, aliwaambia, bibi hajui sheria za huku. Na yeye mwenyewe aliamini hivyo.

Jirani alipopata farasi mpya mwenye kichaa akataka uzio wa maana, na kwa uzio wa maana unahitaji mpaka wa maana, akampigia simu bosi wangu. Nilimwambia bosi kwamba upande wa pili ni ukweni kwangu. Akasema ardhi haijui nimeoa wapi. Nami sikubisha. Niseme kilichokuwa moyoni: nilifurahi. Nilitaka mama anione kazini, nimevaa fulana ya rangi kali, nimesimama kwenye bustani yake bila kumwomba ruhusa.

Asubuhi ile bosi alinionyesha ramani ya marehemu aliyepima pale kwanza, juu ya boneti ya gari. Kwenye kona ya kijitoni marehemu aliandika mti, mti mgumu wa gome jeusi, na alama aliyochonga. Bosi alikuwa ameshapiga hesabu zake. Tukifuata namba tu, mstari unapita ukutani mwa banda la kuku la shemeji, na bustani yote, pamoja na minyaa, ni ya jirani. Lakini mnyororo wa marehemu huyu ulijulikana kwa urefu wake. Viwanja vingine vya karibu vyote vilizidi vipimo vya karatasini. Mti ukipatikana pale anapodhani ulikuwa, mstari unasogea, unapita karibu kabisa na minyaa, na bustani inabaki kwa mama. "Tuutafute mti," alisema. Yule aliyemlipa alikuwa jirani, lakini kwa kweli alitamani kumpata marehemu kuliko alivyotamani kumpendeza jirani.

Tulitafuta hadi jua likawa kali. Mama alitoka akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatutazama. Bosi alichimba pale alipodhania, na chini ya matembele tukakuta udongo umeiva, mwekundu kama tofali, na makaa. Akaokota kaa moja, akaligeuza, akaligeuza tena. Akaniambia nimuulize.

"Mama," nilisema, "hapa palikuwa na mti?"

"Hakuna mti."

"Kisiki je?"

"Nimesema hakuna. Nilichoma matakataka. Même, hata mwanangu anajua."

Bosi akaniambia nimweleze vizuri, na nilimweleza vizuri, kwa adabu zote nilizofundishwa na bibi yangu. Mama, tafadhali, makaa peke yake hayatoshi, kila mtu anachoma vitu. Lakini kama wewe uliuona mti au kisiki, ukatuonyesha mahali pake, ukasema kilichokuwa kimechongwa, huyu mzee ataandika maneno yako, utaweka sahihi, na mstari utapita kule kwenye minyaa. Bustani itakuwa yako. Usiposema, itakuwa ya jirani. Alisikiliza huku anang'oa majani makavu kwenye sketi yake. Nikachuchumaa, nikachora kwa kidole kwenye udongo ule unyayo wa kuku.

Uso wake ulibadilika. Niliona kwa macho yangu. Akainuka kwenye ndoo, akaja, akaifuta ile alama kwa mguu.

"Haki ya Mungu," alisema, "sijaona kitu kama hiyo."

"Mama, umeiona."

"Kambini alikuja mtu kama wewe," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeeleza bei ya unga. "Iko na Kiswahili safi, tamu. Mama shikamoo, mama tafadhali. Akaweka alama kwa nyumba, hii, hii na hii. Akasema msiogope, ni ya kuhesabu tu, wekeni sahihi. Asubuhi ikakuja tingatinga. Mimi najua alama ya Leta, ya serikali. Serikali ikiweka alama, unatoka. Sasa wewe unaniambia mimi niseme nimeona alama ya serikali kwa shamba yangu?"

"Mimi si yule mtu."

"Unaongea kama yule."

Nilimpigia shemeji simu, nikamwekea mama sikioni. Shemeji yuko kazini ghalani, mashine zinanguruma nyuma yake. Akamsikiliza mama yake, kisha akaniambia, "Shemeji, mama amesema hakuna, basi hakuna. Mama yangu haongopi. Nina shift hapa." Simu ikakatwa.

Hapo nilimwambia mama mkwe wangu maneno ambayo mkwe hasemi. Nilimwita mjinga. Nilimwambia amezoea kufukuzwa mpaka asipofukuzwa anajifukuza mwenyewe. Bosi, asiyejua neno la Kiswahili, aligeuka akatazama kijito. Mama hakutikisika. Miaka yote ile ananitukana kwa werevu, na mimi tusi langu la kwanza kwake lilikuwa la hasira tupu, na nadhani alinidharau zaidi kwa kukosa ufundi.

Bosi alingoja. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akainywa polepole kupita kiasi, akimpa mama nafasi. Mwisho akasema marehemu hakuacha nyayo, tufuate namba. Mama alipoona tumefunika lile shimo alicheka, cheko la kweli, mkono mdomoni.

"Mmetafuta," alisema, "mmekosa."

Nikaenda garini nikachukua kigingi na nyundo, nikarudi, nikakisimamisha kwenye maharage.

"Hiyo nini?"

"Mpaka," nilisema.

"Ya nani?"

"Wa jirani, mama. Kuanzia hapa hadi kule ni pake. Minyaa yako yote iko kwake." Nililisema kwa Kiswahili safi, kile hasa alichokuwa akikichukia, neno moja moja, ili lisimpite hata moja. Kisha nikagonga, hicho na kingine kule chini kwenye kona ya kijitoni. Kazi ya kugonga ni yangu, lakini siku ile niligonga kupita kazi.

Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imeenea. Mkwe Mswahili amemuuza mama kwa Mzungu. Kwenye stesheni ya Doonside wanawake ambao walikuwa wakinipungia mkono walianza kusoma simu zao wanaponiona. Mke wangu alihamia kitanda cha mtoto. Mama mwenyewe alivaa kitenge chake kizuri akaenda kwa jirani, peke yake, akasimama mlangoni akamwambia kwa Kiswahili, maana Kiingereza hana, "Wewe ulikunywa." Akamwonyesha kwa mkono, glasi, mdomo, koo. Mzee akatabasamu, akaelewa alichoelewa. Kesho yake alikuja kuacha boksi la juisi ya nanasi kwenye ngazi za nyumba, lenye utepe. Shemeji ndiye aliyenisimulia, na hata yeye alishindwa kuamua acheke au alie.

Siku mafundi wa uzio walipokuja na mashine yao, nilikuwa nyumbani. Simu ilipigwa na mjukuu wake, binti wa shemeji. "Uncle, Bibi can't open her eyes," alisema, na nyuma yake nikasikia ukelele nisiousahau. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa karibu, kwa hiyo nikaenda mimi.

Mashine ilikuwa imeing'oa minyaa yote na kuirundika. Mama alikuwa ameingia kwenye lile rundo kuokota matawi ayapande upya mahali pengine, akayavunjavunja kwa mikono mitupu. Mnyaa una maziwa meupe, na mtoto yeyote wa Burundi au wa Tanga anajua usiyaguse ukagusa jicho. Mama alijua kuliko wote. Lakini alianza kulia, na akafuta machozi.

Nilimburuta hadi bombani nyuma ya nyumba, nikamlaza kichwa kwenye goti langu, nikafungua maji. Alipiga mateke. Alinishika shati akalirarua. Nilimfungua kope kwa vidole vyangu, moja, halafu nyingine, nikaacha maji yapite, na sikuwa nikifanya taratibu kwa sababu taratibu haisaidii. Mafundi walizima mashine wakasimama wakitutazama. Baada ya muda alichoka, akalegea, maji yakawa yanampita tu usoni.

"Ile alama," alisema, macho amefumba. "Mguu ya kuku. Ilikuwa inasema nini?"

Ningeweza kumwambia haikuwa na maana. Alikuwa mzee, kipofu kwa wakati ule, kichwa chake mapajani mwangu, kizito kuliko nilivyodhani.

"Ilikuwa inasema shamba linaishia pale," nilisema. "Ilikuwa shahidi wako. Ilikaa pale toka enzi hizo ikikungoja wewe, na wewe ukaichoma."

Nilitaka imuume. Ilimuuma, niliuona mdomo wake.

"Gome ilianguka nikiwa nakata mizizi," alisema. "Nikaiona ndani. Nilikaa chini. Nikasema, hata hapa wamefika mbele yangu. Nikaleta kuni." Akameza maji, akakohoa. "Na wewe ulijua hii mambo ya alama tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Ni miaka mingapi unakula kwangu?"

Nilimgeuza kichwa, maji yafike jicho la pili.

"Unakula kwangu, unajua hii mambo, unanyamaza."

"Hukuuliza, mama. Ulikuwa unacheka fimbo."

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa nacheka." Nilimfunga taulo usoni, nikampeleka hospitali, na njiani mjukuu wake peke yake ndiye aliyeongea, kwa Kiingereza, akimwambia asijali, asijali.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto limebaki na ukungu, na akitaka kukutazama vizuri anageuza kichwa kama ndege. Kule kanisani bado mimi ndiye niliyemuuza, na hajawahi kuwasahihisha. Sasa analima kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, kwenye saruji mbele ya nyumba, na maharage yake ni membamba.

Krismasi iliyopita tulikwenda kula. Alinipa chai kwa mkono wa kushoto. Baadaye sikumwona sebuleni, nikatoka nyuma, nikateremka kando ya uzio mpya wa jirani hadi kwenye kona ya kijitoni. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya kigingi nilichokigonga kule chini, kile cha kona, kilichobaki kimesimama upande wetu wa waya. Alikuwa anang'oa majani yaliyoota kukizunguka, kwa mikono yote miwili. Udongo kandokando ulikuwa umefagiliwa, na alikuwa amepanga vijiwe pembeni ili mvua isiulegeze.

Nikamwambia aache, hicho si chake, hicho ndicho kilichompa jirani shamba.

"Najua," alisema bila kugeuka. Akakishika kichwani, akakijaribu kama kinacheza. Hakikucheza. "Siku wakija kutafuta tena, wakute iko hapa."